Liwali Aliondoka, Wilaya Ikabaki: Historia ya Utawala wa Malindi Katika Istilahi Zake

Utangulizi

Mwaka 1415, twiga aliyetoka Malindi alifikishwa katika makao ya Mfalme Yongle wa ukoo wa Ming, nchini Uchina. Makarani wa Kichina waliliandika tukio hilo kwa sababu kuandika ilikuwa ndiyo desturi ya utawala wao. Wilaya za Uchina ya kale ziliwekewa vitabu vya kumbukumbu vilivyoeleza mipaka yake, maofisa waliotumwa kuzitawala, kodi zilizotozwa, na hata mara ambazo wilaya fulani iligawanywa au kuunganishwa na jirani yake. Anayetaka kujua historia ya utawala wa mtaa mmoja wa mji wa kale wa Kichina ana pa kuanzia.

Malindi, iliyomtoa twiga huyo, haina kitabu cha namna hiyo. Habari zake zimetawanyika katika maandishi ya wageni: Waarabu, Wachina, Wareno, kisha Waingereza. Hata hivyo, iko rejista moja ambayo wenyeji wenyewe wameiweka bila kukusudia, nayo ni lugha. Kila utawala uliopita Malindi uliacha maneno yake katika Kiswahili, na kila utawala uliofuata uliyachukua baadhi ya maneno hayo, ukayabadilisha maana au ukayatupa. Maneno kama vile liwali, mudiri, kadhi, chifu, baraza, wilaya, diwani na kaunti ni kurasa za kitabu ambacho hakikuandikwa.

Makala hii inanuia kuisoma rejista hiyo kwa utaratibu wa wakati. Hoja yake kuu ni kwamba istilahi za utawala wa Malindi zinafichua jambo ambalo sifa za mji huo huelekea kulificha: kwa zaidi ya karne nne jina la Malindi limekuwa kubwa kuliko kiti chake. Mji umesifiwa, umegombaniwa na hata kupewa heshima ya kuitwa jina la pwani nzima, lakini mahali pa kukatia shauri la mwisho kuhusu ardhi na watu wake pamekuwa pengine.

Enzi ya Mji Kujisemea

Mwanajiografia al-Idrisi aliutaja mji wa Malindi katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154. Wataalamu wamejadiliana iwapo mji aliousikia ulikuwa ni Malindi ya leo au Mambrui, iliyo ng'ambo ya mto Sabaki upande wa kaskazini. Mjadala huo haujakosa uzito. Wanaakiolojia wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wa Chuo Kikuu cha Peking, walioanza kuchimba huko mwaka 2010, walipata Mambrui sarafu ya Kichina ya enzi ya Yongle. Upande wa kusini wa Malindi yapo magofu ya Gede, mji wa mawe uliohamwa katika karne ya 17 na ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa hiyo Malindi ya kale haikuwa peke yake. Ilikuwa mji mmoja katika mlolongo wa miji, kila mmoja na wakuu wake.

Kisiasa, sifa kubwa ya enzi hii ni kwamba mji ulijisemea wenyewe. Ujumbe uliokwenda Uchina na twiga ulikwenda kwa jina la Malindi. Vasco da Gama alipotia nanga mwezi wa Aprili mwaka 1498, baada ya kukosana na watu wa Mombasa, alipokewa na mfalme wa Malindi, ambaye aliamua mwenyewe kumpa chakula na rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Uamuzi huo haukutokana na ukarimu mtupu. Malindi na Mombasa zilikuwa na uhasama wa muda mrefu, na wahenga walikwisha kusema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Mfalme wa Malindi aliona kwa wageni wale silaha ya kumtishia jirani yake. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza ruhusa.

Kiti Kinahama, Jina Linabaki

Urafiki huo ulizaa matunda ya ajabu. Wareno waliipa sehemu kubwa ya pwani hii jina la Pwani ya Malindi, na ofisa wao mkuu katika eneo hili akaitwa Kapteni wa Pwani ya Malindi, akiwa na makao yake mjini humo. Kwa kipimo cha heshima, hapo ndipo jina la Malindi lilipofika kilele. Hata hivyo, kapteni huyo hakuwajibika kwa mfalme wa Malindi. Aliwajibika kwa wakubwa wake wa Goa, na wale wa Goa waliwajibika kwa Lisbon.

Mwaka 1589 Wazimba waliotoka kusini waliishambulia Mombasa kisha wakaelekea Malindi, ambako walishindwa kwa msaada wa Wasegeju. Muda mfupi baadaye majeshi ya Malindi na ya Wasegeju yaliiteka Mombasa, na mfalme wa Malindi akahamia huko akitambuliwa na Wareno kuwa mtawala wa miji yote miwili. Mwaka 1593 Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, na kapteni naye akahama. Hivyo ushindi wa Malindi dhidi ya Mombasa ndio uliokuwa mwanzo wa kushindwa kwake. Mfalme alipata mji mkubwa zaidi, nao mji wake mwenyewe ukapoteza mfalme na kapteni kwa pamoja.

Yaliyoufika ukoo huo huko Mombasa yanajulikana. Sultani Hasan aligombana na Wareno, akauawa mwaka 1614. Mwanawe Yusuf alipelekwa Goa, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, akarejeshwa na kutawazwa, na mwezi wa Agosti mwaka 1631 akawaasi waliomlea. Wareno walirudi, lakini mwezi wa Desemba mwaka 1698 ngome iliangukia mikononi mwa Waomani. Malindi yenyewe ilizidi kudidimia. Biashara ilikuwa imehamia Mombasa, Waoromo walikuwa wakishuka kutoka kaskazini, na hatimaye mji ukahamwa ukabaki magofu.

Mwanafunzi wa lugha anapaswa kutua hapa na kuuliza: utawala huo wa Wareno, uliodumu takriban karne mbili katika pwani hii, uliacha neno gani la utawala katika Kiswahili? Jibu linashangaza. Haukuacha cheo hata kimoja kinachotumika leo. Uliacha bendera, na uliacha gereza, neno ambalo wanaisimu wengi hulinasibisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ngome ya Yesu yenyewe ilitumika kuwa gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958, kana kwamba historia ilitaka kuithibitisha maana hiyo mpya. Utawala uliodai pwani nzima kwa jina la Malindi umebaki katika kumbukumbu ya lugha kama kitambaa kinachopepea na nyumba ya kufungia watu.

Liwali wa Unguja

Malindi ilifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, wakati wa Sayyid Majid wa Unguja. Askari wa Kibulushi walipelekwa kuulinda mji, Waarabu na Waswahili wakafuata, na ardhi yenye rutuba iliyokuwa imeachwa ikageuzwa mashamba makubwa ya mtama na ufuta. Kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa. Nafaka ya Malindi ilisafirishwa hadi Uarabuni, na mji ukapata sifa mpya ya kuwa ghala la pwani. Waliotoroka utumwa, yaani watoro, walijenga vijiji vyao bara, mbali na mkono wa mji.

Mkuu wa mji huu mpya hakuitwa mfalme wala sultani. Aliitwa liwali. Neno hili linatokana na neno la Kiarabu wali, yaani mtu aliyekabidhiwa usimamizi, na kile kibainishi al kimemezwa ndani ya neno lenyewe likawa liwali. Shina hilohilo la Kiarabu ndilo lililotupa neno wilaya, yaani eneo linalosimamiwa na wali, na neno walii kwa maana ya msimamizi wa bibi harusi. Maana ya msingi katika maneno yote haya ni moja: anayesimamia kwa niaba. Liwali hasimami kwa jina lake. Husimama kwa jina la aliyemtuma.

Kwa hiyo cheo chenyewe kilikuwa kinatangaza mahali yalipo mamlaka. Mfalme wa mwaka 1498 alikuwa Malindi. Liwali wa miaka ya 1860 na baadaye alikuwa Malindi, lakini bwana wake alikuwa Unguja. Mfano unaojulikana ni wa Salim bin Khalfan al-Busaidi, aliyekuwa liwali wa Malindi na mmoja wa wenye mashamba makubwa kabisa huko, kisha akawa liwali wa Mombasa. Utumishi wa Sayyid na umiliki wa ardhi vilikwenda bega kwa bega. Ofisa aliyepelekwa kuusimamia mji aliumiliki pia kwa sehemu.

Upande wa kusini hali ilikuwa tofauti. Baada ya Sayyid Said kuitwaa Mombasa kutoka kwa Wamazrui mwaka 1837, tawi moja la ukoo huo lilihamia Takaungu, karibu na hori ya Kilifi. Wazee wa Takaungu walitawala kwa nguvu ya ukoo wao, si kwa kutumwa. Kwa hiyo, katika eneo ambalo leo ni kaunti moja, zilikuwapo kwa wakati mmoja namna tatu za utawala: liwali wa Malindi aliyetumwa, ukoo wa Takaungu uliojikalia, na kaya za Wamijikenda zilizoongozwa na wazee wa kambi. Namna hizo tatu ndizo Waingereza walizozikuta.

Liwali, Mudiri, Kadhi na DC

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 uliutambua utawala wa Sultani katika ukanda wa maili kumi kutoka pwani, yaani takriban kilomita 16. Mwaka 1887 Sayyid Barghash aliwakodisha Waingereza usimamizi wa sehemu yao ya ukanda huo. Mwaka uliofuata kampuni yao ikapata hati ya kifalme. Tarehe 1 Julai 1895 Serikali ya Uingereza ilichukua mahali pa kampuni, na mkataba wa Desemba mwaka huo ukathibitisha kwamba ukanda ungeendeshwa na Waingereza, Sultani akilipwa kodi ya kila mwaka na bendera yake nyekundu ikiendelea kupepea. Malindi ikawa sehemu ya mkoa ulioitwa Seyidie, yaani nchi ya Sayyid, makao makuu yakiwa Mombasa.

Ni muhimu kuelewa jinsi utaratibu huo ulivyofanya kazi. Waingereza hawakumwondoa liwali. Walimweka chini ya ofisa wao, ambaye baadaye alikuja kujulikana kwa kifupi kama DC. Chini ya liwali walikuwapo wamudiri katika miji midogo, na kando yake alikuwapo kadhi, aliyehukumu mambo ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu. Liwali na mudiri nao walikuwa na mahakama za kesi ndogo. Kwa mtazamo wa mkaazi wa mtaa wa Shella mjini Malindi, sura aliyoiona barazani ilikuwa ileile, kilemba ni kilekile na lugha ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba liwali, aliyekuwa akisimamia kwa niaba ya Unguja, sasa alisimamia kwa niaba ya mtu aliyekuwa akisimamia kwa niaba ya London, kwa jina la Unguja. Neno lilibaki palepale huku mamlaka yakiwa yamesogezwa hatua mbili mbali zaidi.

Cheo hicho hakikukosa manufaa kwa Kiswahili. Mbarak Ali Hinawy wa Mombasa, aliyekuwa Liwali wa Pwani kuanzia miaka ya 1940, alikuwa pia mhifadhi mkubwa wa miswada ya tenzi, na mwaka 1950 kitabu chake kuhusu Al-Akida na Ngome ya Yesu kilichapishwa. Akida, ikumbukwe, ni cheo kingine cha utawala, cha mkuu wa askari, ambacho kimenusurika katika fasihi kuliko kilivyonusurika ofisini.

Lakini urithi mzito zaidi wa kipindi hiki ni wa ardhi. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Mwaka uliofuata, Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao ya umiliki. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Aliyekuwa na karatasi, aliyejua ofisi ilipo na aliyefahamika kwa liwali alikuwa na njia. Mtumwa aliyeachwa huru jana na mkulima wa Kigiriama aliyelima kwa idhini ya wazee wake hawakuwa nayo. Wengi wao walibaki kuishi kwenye ardhi ambayo kwa karatasi ilikuwa ya mtu mwingine. Neno skwota, ambalo mpaka leo husikika Malindi, Magarini na Kilifi kila panapozungumzwa habari za mashamba, lina mizizi yake katika miaka hiyo.

Ng'ambo ya Maili Kumi

Mpaka wa maili kumi ulikuwa mstari wa ramani, lakini ulitenganisha misamiati miwili ya utawala. Ndani yake alikuwapo liwali. Nje yake hakuwapo, na wala Sultani hakudai kitu. Huko Waingereza walikuta kaya.

Katika Kiswahili sanifu cha leo, kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja katika nyumba moja. Ndilo neno la makarani wa sensa. Kwa Wamijikenda, kaya ni makao ya asili ndani ya msitu, mahali pa fingo, pa makaburi na pa kukutania wazee. Wazee hao, waliopanda daraja kwa rika, ndio waliokata mashauri. Hapakuwa na mtu mmoja wa kutuma amri na kutumwa. Serikali ya kikoloni, iliyotaka kodi ya vibanda na vibarua, ilihitaji mtu wa namna hiyo, ikamteua na kumpa jina la mzee wa mji au chifu. Wagiriama wengi hawakumtambua.

Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya watu Kaya Fungo, viapo vikala njama dhidi ya kazi ya Serikali. Viongozi hao wawili walikamatwa na kupelekwa Kisii, magharibi mwa nchi, wakatoroka na kurudi kwao mwaka 1914. Mwezi wa Agosti mwaka huo kaya ililipuliwa kwa baruti, na vita vikafuata, huku Serikali ikitaka kuwahamisha Wagiriama kutoka kaskazini mwa mto Sabaki. Tukio hili husimuliwa mara nyingi kama kisa cha ushujaa, na ni haki. Lakini lina upande wake wa istilahi pia. Wagiriama walikuwa wanakataa cheo ambacho hakikuwamo katika lugha yao ya utawala, na waliokuja nacho walijibu kwa kulivunja jengo la lugha hiyo, yaani kaya.

Mwaka 1920 mpaka huo ulipewa majina rasmi: bara likawa Koloni ya Kenya, ukanda wa pwani ukabaki Himaya. Mkulima aliyevuka kutoka shambani kwake kwenda kuuza mahindi Malindi alikuwa akivuka, kisheria, kutoka nchi moja kuingia nyingine. Misitu ya kaya yenyewe ilikuja kupata heshima ya kimataifa mwaka 2008, ilipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kutambuliwa kuwa urithi, hata hivyo, si sawa na kutambuliwa kuwa utawala.

Uhuru: Wilaya Bila Liwali

Tarehe 8 Oktoba 1963, viongozi wa Kenya na wa Zanzibar walitia saini makubaliano yaliyoukabidhi ukanda wa pwani kwa Kenya. Baadhi ya wakazi, chini ya vuguvugu la Mwambao, walikuwa wametaka pwani ijitenge, hawakufaulu. Tarehe 12 Desemba bendera ya Sultani ilishushwa kwa mara ya mwisho. Liwali na mudiri waliondoka pamoja nayo, na sheria za mahakama za mwaka 1967 hazikuwaachia kiti. Kadhi peke yake ndiye aliyebakizwa, na leo Ibara ya 170 ya Katiba inamtambua. Katika vyeo vyote vilivyokuwa barazani Malindi mnamo 1870, hicho tu ndicho kinachoendelea kutumika kwa jina na kwa kazi inayofanana na ile ya zamani.

Liwali aliondoka, lakini wilaya ikabaki. Nchini Oman, maneno hayo mawili mpaka leo yako pamoja: wilaya ina wali wake. Nchini Kenya, wilaya ilipata mkuu asiye na undugu wowote wa kisarufi nayo, DC, aliyetumwa kutoka Nairobi kama vile liwali alivyotumwa kutoka Unguja. Baraza nalo, ambalo asili yake ni kibaraza cha nyumba ya Mswahili, mahali pa jirani kukaa na kuzungumza, lilikuwa limekwisha kugeuzwa tangu ukoloni kuwa mkutano wa chifu ambapo mmoja husema na wengine husikiliza.

Kufikia uhuru, Malindi ilikuwa imeingizwa katika Wilaya ya Kilifi, ambayo makao yake yako katika mji wa Kilifi. Katika miaka ya 1990 ilitengwa na kuwa wilaya yake yenyewe. Vilevile lilikuwapo Baraza la Manispaa ya Malindi, lenye meya na madiwani waliochaguliwa. Neno diwani lingestahili makala yake lenyewe. Asili yake ni ya Kiajemi, likapitia Kiarabu likiwa na maana ya daftari na ya baraza la watawala. Katika pwani ya kusini, Diwani wa Vumba alikuwa mtawala kamili. Katika karne ya 20 diwani akawa mjumbe wa baraza la mji, mtu wa kuulizwa habari za taka na taa za barabarani. Wakati huohuo, kwa wasomi wa fasihi, diwani ni mkusanyiko wa mashairi. Maana zote zinakutana katika wazo la kukusanya, liwe ni kukusanya hesabu, watu au tungo.

Kaunti na Kurudi Kilifi

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliunda kaunti 47. Swali linaloulizwa mara nyingi Malindi ni kwa nini mji wenye jina kubwa namna hiyo haukupata kaunti. Jibu limo katika sheria. Kaunti hizo zilifuata wilaya zilizotambuliwa na Sheria ya Wilaya na Mikoa ya mwaka 1992, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba wilaya zilizoundwa baada ya hapo hazikuwa na msingi wa kisheria. Wilaya ya Malindi ilizaliwa baada ya 1992. Kwa hiyo ilirudi ilikotoka: ikawa kaunti ndogo katika Kaunti ya Kilifi, pamoja na Magarini, Kaloleni, Rabai, Ganze na Kilifi yenyewe. Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti hiyo ilihesabiwa kuwa na watu 1,453,787. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 baraza la zamani la manispaa lilikoma. Manispaa iliyorudishwa baadaye chini ya sheria ya miji ni chombo cha serikali ya kaunti, kisicho na meya aliyechaguliwa na wananchi.

Istilahi nazo zilihama. Diwani aliondoka, akaja mwakilishi wa wadi. Nchini Tanzania diwani angali anachaguliwa katika kata. Gavana, ambaye wazee wanamkumbuka kama Mwingereza mmoja aliyekaa Nairobi, sasa ni kiongozi anayepigiwa kura Kilifi. DC amekuwa naibu kamishna wa kaunti, na bado anatumwa kutoka Nairobi. Chifu hakubadilika jina. Hivyo mwananchi wa Ganda au Jilore mwenye mgogoro wa shamba hukabiliwa na milango miwili: mmoja wa aliyemchagua, mwingine wa aliyetumwa. Kuujua mlango unaohusika ni sehemu ya haki yake, na kuujua kunaanzia katika kuyaelewa maneno yaliyoandikwa juu ya milango hiyo.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba historia ya utawala wa Malindi inaweza kusomwa katika vyeo vyake. Mfalme alikuwa wa mji. Kapteni alikuwa wa Goa. Liwali alikuwa wa Unguja. DC alikuwa wa London kisha wa Nairobi. Gavana ni wa Kilifi. Katika mlolongo huo, ugatuzi wa mwaka 2013 ndio uliokileta kiti karibu zaidi kuliko wakati mwingine wowote tangu mfalme alipohamia Mombasa zaidi ya miaka 400 iliyopita, ingawa haukukirudisha mjini.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, yapo mafunzo mawili. La kwanza ni la usomaji: liwali wa mwaka 1865 na liwali wa mwaka 1955 ni neno moja lakini si mamlaka moja, na msomaji wa utenzi au wa hati ya shamba asiyeuliza tarehe atapotoka. La pili ni la utafiti. Wangalipo wazee wa Malindi, Mambrui, Takaungu na Kaloleni waliowahi kusimama mbele ya mahakama ya mudiri au kuketi na wazee wa kambi, na wanayo msamiati ambayo kamusi hazijaisajili: majina ya faini, ya ada, ya vituo na ya viapo. Wachina waliandika habari za twiga, na kwa hivyo twiga anajulikana. Msamiati wa wazee hawa ukienda nao kaburini, hautakuwapo ukurasa wa kuutafutia.